Mazungumzo ya redio ukiwa Dodoma: ya Dar, ya hapa nyumbani au ya ng'ambo?

Mtu anayehamia Dodoma kikazi huja na masikio ya Dar es Salaam. Asubuhi anawasha redio ya gari, anatafuta kipindi kilekile alichokuwa akikisikiliza kwenye foleni ya Ubungo, na kwa kuwa redio nyingi za kitaifa zinashika vizuri hapa, anakipata. Mwaka unakatika. Anajua maji yamejaa Jangwani na mwendokasi zimepungua Kimara, ila hajui kwa nini mtaani kwake Nzuguni bomba halijatoa tone tangu juzi. Mwenyeji naye anaumwa upande wa pili: redio ya hapa iko wazi kutwa, kila msiba na kila mnada anaujua, lakini bajeti ikisomwa Bungeni, mwendo wa bodaboda kutoka kwake, anasubiri jirani amsimulie.

Nashona nguo Majengo, na redio ya kibandani kwangu huzimwa umeme ukikatika tu. Wateja wanaosubiri kupimwa hugombania stesheni kuliko wanavyogombania bei ya kushonewa, kwa hiyo nimesikiliza karibu kila kinachosikika hapa mjini. Muziki, mpira na salamu naviacha pembeni, kila mtu na ladha yake. Nazungumzia vipindi vya maongezi: habari za siku na maisha ya watu, mgeni yupo studio, simu zinaingia. Kipimo changu ni cha namna mbili. Kwanza, nani kakaa kwenye kiti cha mgeni, na je, ni yeye mwenye jibu? Pili, swali likibaki bila jibu leo, kesho linarudiwa au limeshazikwa?

Mtangazaji mwenye sauti nzuri simhesabu. Sauti nzuri ziko nyingi.

Meza ya asubuhi kutoka Dar

Redio binafsi zilipata mlango kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993. Radio One ikaingia hewani 1994, Clouds FM ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, na leo asubuhi ya Mtanzania wa mjini imetawaliwa na meza za namna ile: watangazaji watatu au wanne, magazeti, utani, uchambuzi, mgeni, halafu simu.

Nguvu yao kubwa ni kwamba simu yao inapokelewa. Mkuu wa taasisi ambaye barua ya mwenyekiti wa mtaa inakaa mezani kwake mwezi mzima, mtangazaji wa Dar akimpigia saa moja na nusu asubuhi anajibu, tena kwa adabu. Kama unachotaka kujua ni sera, yaani kodi mpya, bima ya afya, mikopo ya wanafunzi, mitaala, basi hapa ndipo utamsikia mwenye jibu akibanwa, au angalau akijikanyaga mbele ya nchi nzima. Na wanajua kuchangamsha. Sindano yangu hukimbia zaidi wanapobishana.

Udhaifu wao unaanzia kwenye ramani. Wakisema machinga wanamaanisha Kariakoo; wakisema mvua wanamaanisha Mto Msimbazi. Wakulima wa Kongwa na Chemba hutajwa pale mahindi yanapopanda bei mjini. Sasa sikiliza simu ya mtu wa huku inavyokwenda:

"Haloo, nani mwenzetu?"

"Naitwa fulani, nipo Dodoma."

"Dodoma! Vipi baridi huko?"

"Ipo, ipo kidogo."

"Zabibu je? Mbona hamtuletei?"

Wanacheka wote, na mpigaji naye anacheka maana hawezi kununa hewani. Akija kufika kwenye swali lake la mbegu za ruzuku, muziki wa kuashiria tangazo unaanza kupanda taratibu, anaambiwa "kwa kifupi kaka yangu, kwa kifupi", na laini inakata. Ameondoka na baridi na zabibu.

Jambo lingine ni uchambuzi wenyewe. Watu walewale wanne wanachambua vita vya Mashariki ya Kati saa moja, usajili wa Yanga saa moja na nusu, na zao la korosho saa mbili. Kuna asubuhi nyingine huwa nasikia kabisa kwamba anayeongea kasoma kichwa cha habari tu. Halafu kuna "mgeni" ambaye kaja kwa hela: ofisa masoko wa benki au wa kampuni fulani anaulizwa maswali laini dakika ishirini, na neno "udhamini" limetajwa mara moja mwanzoni wakati ulikuwa unapiga mswaki. Hilo si dhambi, redio inaishi kwa matangazo, ila usilichukue kama mazungumzo. Ukiona mgeni hakuulizwa hata swali moja la kumkera, jua aliyelipa ni nani.

TBC Taifa

Vijana wanairuka, na mimi naona wanakosea, ingawa nawaelewa. Hii ndiyo redio iliyoanza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ikaja kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu, na sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Inafika vijijini ambako nyingine zinakoroma. Kiswahili chake kimenyooka. Mtoto wa shule akisikiliza hapa hatarudi nyumbani anachanganya lugha.

Ubora wake ni pale unapotaka kujua utaratibu. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ratiba ya chanjo, namna ya kukata rufaa kwenye baraza la ardhi: mtaalamu anaitwa, anaeleza kwa utulivu, anarudia. Unaweza kuandika kwenye daftari. Redio za utani hazina subira hiyo.

Kuna historia hapa ambayo inastahili kukumbukwa na anayetaka redio imfae mtu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia RTD pamoja na vikundi vya kusikiliza nchi nzima. Watu walikaa pamoja, kipindi kikirushwa, kijitabu kikisomwa, kisha wakajadili na kukubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Ajabu ya kampeni ile ni kwamba mazungumzo makubwa yalikuwa chini ya mti, baada ya redio kunyamaza. Siku hizi kila mtu ana spika yake ya masikioni.

Usichokipata TBC Taifa ni ubishi. Ofisa akisema mradi umefikia asilimia themanini, mtangazaji anasema ahsante. Hapati swali la "themanini ya nini?" Kwa hiyo nenda pale ukitaka maelezo ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Kama jambo bado linagombaniwa, tafuta kwingine.

Redio za hapa

Dodoma si mji wa redio moja. Ziko Dodoma FM, A FM, Nyemo FM, iko Radio Mwangaza ya Kanisa Katoliki, na nyingine zimeongezeka kadiri mji ulivyokua. Na mji umekua kweli: serikali imehamia, Mtumba imejaa wizara, Dodoma ikatangazwa jiji Aprili 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya watu milioni 3 mkoa mzima.

Redio hizi ndizo nitakazozungumzia kwa urefu, kwa sababu ndizo mgeni huzidharau na mwenyeji huzisikiliza bila kuzidai chochote.

Chukua ardhi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa 1973 uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipopita, na kwa zaidi ya miaka arobaini ndiyo iliyopima na kugawa viwanja. Rais Magufuli akaivunja Mei 2017, kazi ikahamia halmashauri. Waliobaki na risiti za zamani, barua za toleo zilizochakaa, viwanja walivyopimiwa juu ya mashamba ya babu zao, hao bado wapo. Kwenye redio ya Dar hiyo ni habari ya siku moja, ya 2017. Kwenye redio ya hapa ni mada ambayo ukiifungua tu, simu hazipumziki.

Nakumbuka kipindi kimoja cha namna hiyo. Mama alipiga akiwa kando ya barabara, bodaboda zinapita nyuma yake. Kiwanja chake, alisema, kimekutwa na mtu mwingine mwenye karatasi kama zake, na namba ileile.

"Mama yangu, tunakuomba usitaje jina la mtu. Taja eneo tu," mtangazaji akamuwahi.

"Nisipotaja jina, atakayenijibu nani, mwanangu?"

Studio ilikaa kimya kidogo. Kisha mtaalamu wa ardhi aliyealikwa akasema neno ambalo mkazi yeyote wa hapa analijua kwa moyo: "Huyo mama aje ofisini na nyaraka zake."

Hapo ndipo kipindi kizuri na kibovu vinapoachana. Kibovu kinasema, "Umesikia mama, nenda ofisini," simu nyingine inaingia. Kile cha siku ile kilinishangaza. Mtangazaji akamgeukia mgeni: aende ofisi ipi, siku gani, aingie mlango gani, na akifika akaambiwa mhusika kasafiri afanye nini? Mgeni akalazimika kutaja siku. Wiki iliyofuata, kabla ya mada mpya, wakampigia yule mama hewani kumuuliza kama alipokewa. Alipokewa, hakumalizwa shida yake, ila alipokewa na faili likafunguliwa. Kipindi cha Dar hakiwezi kufanya hivyo. Kina nchi nzima, mama mmoja wa Dodoma hakumbukwi wiki inayofuata.

Lile la "usitaje jina" si woga wa mtangazaji tu. Kituo ndicho kinachobeba mzigo wa kila kinachotoka hewani, hata kikisemwa na mpigaji. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ina Kamati ya Maudhui inayoweza kuita kituo, kukitoza faini au kukifungia kwa muda. Redio kubwa ina mwanasheria na inaweza kumeza faini. Redio ndogo ya mkoani faini moja inaweza kula mishahara. Kwa hiyo ukisikia unakatwa, kabla hujasema wamehongwa, fikiria hilo pia.

Ingawa kuna na lile jingine, nalo tuliseme. Redio ya mkoani inaishi kwa matangazo ya shule binafsi, maduka ya vifaa vya ujenzi, saccos, taasisi za hapahapa. Mtu anayekutangazia biashara mwezi mzima huwezi kumkaba koo Jumatatu asubuhi. Vilevile kuna vipindi vya mradi: shirika linalipia muda wa hewani miezi kadhaa, mada ni lishe ya mtoto au ukatili wa kijinsia au mabadiliko ya tabianchi, maandalizi mazuri, sauti zinarekodiwa hadi Bahi na Mpwapwa. Vingi ni vizuri kuliko vya studio. Tatizo lake ni moja, mradi ukiisha na kipindi kimeisha, na wanawake waliokuwa wamezoea kusikia sauti zao wanabaki wanauliza kimeenda wapi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Hewani ni Kiswahili. Kigogo, Kirangi na Kisandawe havina vipindi. Mzee wa Chamwino akipiga simu anaanza na Kiswahili chake cha mkutano wa hadhara, akipandwa na hasira anateleza. Mtangazaji aliyekulia hapa anamuelewa, anamrudishia maneno yake kwa Kiswahili, "mzee anasema hivi", na mazungumzo yanaendelea. Aliyeletwa juzi kutoka kwingine anamkata. Ukitaka kumjua mtangazaji wa kumsikiliza hapa mjini, msikilize anavyompokea mzee wa aina hiyo. Anayefungua kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, halafu akaishia hapo, huyo anapamba tu.

Halafu kuna mambo ambayo hayazungumzwi popote pengine. Bei ya mahindi soko la Kibaigwa leo, na kwa nini imeshuka wakati malori yapo. Zabibu, ambazo hapa huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na mkulima wa Mpunguzi au Hombolo anayejiuliza auze zabibu zenyewe au akamue na kuuza mchuzi wa zabibu viwandani, na akiuza mchuzi alipwe lini. Ng'ombe na mbuzi kuzurura barabara za lami. Mambo haya ukiyasikia kwenye redio ya kitaifa ujue kuna kiongozi kafanya ziara.

Radio Mwangaza naitaja peke yake kwa sababu mwendo wake ni mwingine. Mazungumzo yake ya ndoa, malezi na elimu hayana haraka, na huhitaji kuwa Mkatoliki kuyafuata. Nina wateja Waislamu wanaoniambia nisibadilishe. Kwa siasa kali usiende huko.

Udhaifu wa redio za hapa kiufundi ni masafa. FM inakwenda kwa kuonana na mnara, mlima ukikaa katikati mawimbi yanakwama. Aliyeko Kondoa milimani au upande wa pili wa vilima vya Mpwapwa asinilaumu kwamba nimemsifia redio asiyoipata. Kwake TBC Taifa au redio ya wilayani kwake ndiyo jibu. Nyingi za hapa zinapatikana kwenye intaneti pia, ila hesabu ya bando ni yako.

Za ng'ambo

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ipo tangu 1957, ya DW tangu 1963. Ukitaka kujua Goma kumetokea nini, Sudan inaelekea wapi, au Kenya wanaandamana kwa sababu gani, sioni pa kukwepea. DW wana mjadala wao wa Meza ya Duara, wageni kadhaa kutoka nchi tofauti, mwendeshaji anayejua kumnyamazisha msomi anayejirudia. Huo ni mfano wa kuigwa: kila mgeni anaulizwa kuhusu alichosema mwenzake, si kupewa zamu ya kuhutubia.

Na wanauliza yale ambayo hapa yanazungukwa. Mtu aliyekuwa na redio ya kawaida siku zile intaneti ilipozimwa kuanzia 29 Oktoba 2025 anajua thamani ya kuwa na zaidi ya sehemu moja ya kusikiliza.

Lakini kwao Tanzania ni nchi moja kati ya nyingi, na Dodoma ni neno linalosomwa kabla ya "Bungeni". Usitegemee swali la maji ya Nzuguni.

Mada moja, meza tatu

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, ikazinduliwa rasmi 1 Agosti. Mada ileile, sikiliza inavyogawanyika.

Meza ya Dar iliizungumzia kama safari: tiketi mtandaoni, kasi ya kilomita 160 kwa saa, mabasi yatakula wapi. Wapigaji ni wanaokuja Dodoma kwa kikao na kurudi usiku uleule.

Hapa nyumbani mazungumzo yalianzia pale treni inaposimama. Abiria anashuka usiku na mabegi, bajaji zinampangia nauli kwa kumtazama viatu. Wenye nyumba za wageni mjini wakawa wanalalamika kwamba mtu wa kikao halali tena. Mfugaji anauliza apitishe wapi mifugo sasa uzio umewekwa. Mama ntilie wa stendi ya mabasi anauliza wateja wake wameenda wapi.

Za ng'ambo ziliitazama kwa darubini: mikopo, kampuni ya Uturuki iliyojenga, ushindani na reli ya Kenya, njia ya kwenda Burundi na Kongo.

Hakuna aliyedanganya. Ila kama wewe una nyumba ya wageni hapa mjini, meza ya pili ingekusaidia kubadilisha biashara mapema. Kama unaagiza mzigo bandarini, ya tatu. Kama unapanga safari ya harusi Dar, ya kwanza inatosha kabisa.

Na Bunge je?

Watu huniuliza kama kusikiliza Bunge lenyewe si bora kuliko kusikiliza wanaolichambua. Alhamisi ya maswali kwa Waziri Mkuu wakati wa vikao, ndiyo, sikiliza bila mchambuzi. Maswali ni mafupi na unasikia mwenyewe nani kajibu na nani kakwepa. Mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili hadi mwisho wa Juni, ni mrefu mno kwa mtu mwenye kazi. Hapo afadhali meza ya asubuhi ya Dar kwa wizara kubwa, na redio ya hapa kwa wabunge wa mkoa huu, maana ni hapa tu atakapoulizwa mbunge wa jimbo lako alisema nini kuhusu barabara yako, na kama alisema.

Basi uchague vipi

Mtumishi aliyehamia: endelea na Dar hadi saa mbili asubuhi kama roho inataka, kisha hamia ya hapa angalau siku mbili tatu kwa wiki, hasa siku wanapoita mtu wa maji au wa ardhi. Mkulima na mfanyabiashara ya nafaka, anza na redio ya hapa kwa bei, ila Oktoba na Novemba usikose TBC Taifa wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa maeneo yanayopata msimu mmoja wa mvua, kwa sababu sisi ndio hao, mvua yetu ni moja tu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukipanda mbegu ya muda mrefu mwaka wa mvua fupi hakuna mchambuzi atakayekurudishia. Mwanafunzi wa chuo: DW na BBC, na moja ya hapa ili usiwe mgeni katika mji unaousomea. Mzee aliyepo nyumbani kutwa anajua kuchagua kuliko mimi.

Kwa anayetaka kusema, si kusikiliza tu, uzito unabadilika. Jambo la mtaa lipeleke redio ya hapa, tena siku ambayo mhusika ameitwa studio. Kupiga simu siku ya mada nyingine ni kupoteza salio. Jambo la sera lipeleke Dar. Kama jambo linaweza kukuletea matatizo, usipige simu ya moja kwa moja; mtafute mwandishi wao, omba kurekodiwa, kwa sababu kilichorekodiwa kinaweza kukatwa jina na sehemu kabla hakijatoka, cha mubashara hakirudi. Meseji za WhatsApp ni rahisi lakini anayechagua isomwe ipi ni mtangazaji, na ndefu haisomwi.

Ukipata laini, anza na swali. Salamu za "watangazaji wote na mafundi mitambo" zinakula nusu ya muda wako. Taja mtaa, taja tarehe tatizo lilipoanza, taja ofisi uliyokwenda, jina la mtu liache. Ukiambiwa "aje ofisini", uliza palepale, siku gani na kwa nani. Andika jibu na jina la kipindi. Wiki ikipita bila kitu piga tena ukianzia hapo: mtangazaji wa hapa kuna uwezekano akaitambua sauti yako kabla hujajitambulisha, wa Dar itabidi umsomee ulichoandika.